Maisha na Nidhamu Katika Kambi za Kizuizini

Neno nidhamu si geni kwa mwanafunzi. Hulisikia kengele inapolia alfajiri, hulisikia akiwa mstarini, na hulisikia zaidi siku anapoitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba nidhamu ni kutii tu, na kwamba mwenye fimbo ndiye mwenye nidhamu. Lakini katika historia ya Kenya ulikuwako wakati ambapo maelfu ya watu waliishi miaka mingi chini ya amri kali kuliko za shule yo yote, na ndani ya amri hizo wakajiwekea amri nyingine zilizokuwa zao wenyewe. Wakati huo ni ule wa Hali ya Hatari, tangu mwaka wa 1952 hadi 1960, na watu hao ni wale waliotiwa katika kambi za kizuizini. Tukitazama jinsi walivyoamka, walivyokula, walivyofanya kazi na walivyofundishana, tutaweza kupima nidhamu za namna mbili: ile inayomjia mtu kutoka nje, na ile inayotoka ndani yake.

Asili ya mambo hayo ilikuwa ardhi na uhuru. Mwanzoni mwa karne ya ishirini serikali ya Kiingereza ilitenga sehemu nzuri za nyanda za juu kwa ajili ya walowezi Wazungu. Wenyeji wengi, hasa Wakikuyu, wakabaki wamesongamana katika maeneo finyu, au wakawa vibarua katika mashamba ya wengine. Baada ya Vita Kuu ya Pili manung'uniko yalizidi, na watu wengi wakala kiapo cha umoja katika chama cha siri ambacho serikali ilikiita Mau Mau. Wapiganaji wa msituni walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana, Sir Evelyn Baring, alitangaza Hali ya Hatari, na usiku ule Jomo Kenyatta na viongozi wengine wakakamatwa.

Sheria za Hali ya Hatari zilimpa Gavana uwezo wa kumzuia mtu bila kumfikisha mbele ya hakimu. Hapo yafaa msomaji aishike tofauti moja, kwa maana ndiyo ufunguo wa mengi yatakayofuata. Mfungwa ni mtu aliyeshtakiwa, akahukumiwa, akapewa kifungo chenye mwisho unaojulikana. Mtu wa kizuizini hakushtakiwa wala hakuhukumiwa, na hakujua atatoka lini. Achieng Oneko, mmojawapo wa watu sita waliohukumiwa huko Kapenguria, Kenyatta akiwa miongoni mwao, aliachiliwa na mahakama alipokata rufani; lakini hakwenda nyumbani, bali alitiwa kizuizini mara ile ile. Mahakama ilimwona hana hatia, na amri ya serikali ikamfungia mlango hata hivyo.

Mwanzoni waliozuiwa walikuwa wachache. Mambo yalibadilika tarehe 24 Aprili 1954, wakati jeshi lilipouzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyopewa jina la Anvil, yaani fuawe. Maelfu ya wanajeshi na polisi walifunga barabara, wakapita nyumba kwa nyumba mtaa kwa mtaa, wakawatoa nje Wakikuyu, Waembu na Wameru. Watu waliketishwa chini kwa safu, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia tangu kichwani lenye matundu mawili ya macho. Wakikuyu walimwita gakunia, yaani mtu wa kigunia. Akitikisa kichwa namna fulani, maisha ya mtu yalikuwa yamekatwa palepale, na aliyeshtakiwa hakupata kuuona uso wa mshtaki wake. Wapatao 20,000 walitiwa kizuizini kwa operesheni hiyo. Kufikia mwisho wa mwaka wa 1954 hesabu ya serikali yenyewe ilionyesha zaidi ya watu 70,000 kizuizini, na wako wanahistoria wanaosema kwamba jumla ya waliopitia kambi hizo katika miaka yote ile ilikuwa kubwa kuliko hesabu ya serikali maradufu na zaidi.

Kambi zilikuwa nyingi. Mackinnon Road, kati ya Mombasa na Voi, ilikuwa hapo kwanza ghala kubwa la jeshi. Athi River haikuwa mbali na Nairobi. Manda ilikuwa kisiwa cha Lamu, na Mageta na Saiyusi vilikuwa visiwa vya Ziwa Victoria. Kamiti palikuwa na kambi ya wanawake, na Wamumu palikuwa na kambi ya vijana. Lakini jina lililotajwa zaidi ya yote ni Manyani, iliyojengwa mwaka wa 1954 kando ya reli ya Mombasa, katika nyika kavu ya Tsavo. Maelfu ya watu waliishi humo kwa wakati mmoja. Mwenyeji wa milimani, aliyezoea baridi na umande, alishushwa garini katika joto na vumbi, akaona mbele yake mabanda marefu, minara ya walinzi, na waya wa miiba uliogawanya kambi katika nyua nyingi, ua mmoja usiweze kuchanganyika na mwingine.

Kuingia kambini kulikuwa kuvuliwa utu hatua kwa hatua. Kwanza mtu alinyang'anywa nguo zake na vitu vyake. Kisha wengi walipitishwa katika josho la dawa, kama ng'ombe wanavyopitishwa ili kuua kupe, huku wakipigwa ili waharakishe. Halafu walipewa kaptura na mablanketi. Mwisho mtu alipewa nambari, na tangu siku ile askari hawakumwita kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Siku ilianza kwa kuhesabiwa. Kabla jua halijapanda filimbi ililia, na watu wakatoka mabandani mbio, wakachuchumaa chini katika safu za watano watano. Askari walipita wakihesabu. Hesabu isipopatana na daftari ilianzwa upya, na watu wakabaki wamechuchumaa hata magoti yakafa ganzi. Jioni walihesabiwa tena. Mtu asiyejua mambo ya kambi aweza kudhani kwamba kuhesabiwa ni jambo dogo. Kumbe ndilo lililokuwa msingi wa utawala wote. Kwa kuhesabiwa mtu alikumbushwa kila siku kwamba yeye ni kitu kinachohifadhiwa ghalani, na kwamba mwili wake haukuwa mali yake. Aliyechelewa, aliyeinua macho, au aliyenong'ona, alionja rungu.

Chakula kilikuwa ugali na maharagwe, na mara chache mboga au kipande cha nyama. Palikuwa na siku ambazo kilitosha, na siku ambazo kilikatwa makusudi ili kuwatiisha watu. Maji yalikuwa haba katika nchi ile ya ukame. Vyoo vilikuwa ndoo, na ndoo hizo zilibebwa na watu wenyewe hadi mahali pa kumwagia. Kazi hiyo ilitumika kama adhabu: mtu mzima mwenye mvi, aliyeheshimiwa na kijiji kizima, aliamriwa aibebe kichwani mbele ya vijana, huku uchafu ukimchuruzikia. Kwa sababu ya msongamano na uhaba wa usafi, homa ya matumbo ililipuka Manyani mwaka ule ule wa 1954, ikaua watu wengi.

Baada ya uji wa asubuhi palikuwa na kazi. Wengine walivunja mawe, wengine walichimba mifereji, wengine walitengeneza barabara. Uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka wa 1958, ulijengwa kwa jasho la wafungwa na watu wa kizuizini. Mifereji ya mashamba ya mpunga ya Mwea ilianza kuchimbwa kwa majembe ya watu hao hao. Ugomvi mkubwa kati ya serikali na watu wa kizuizini ulitokea hapo penye kazi. Serikali ilisema kwamba kazi ni dawa, na kwamba mtu akishika jembe moyo wake hugeuka. Watu wengi wa kizuizini walijibu kwamba kazi ya kulazimishwa ni ya mfungwa aliyehukumiwa, nao hawakuhukumiwa na mtu ye yote. Walikuwa radhi kufagia nyua zao, kupika chakula chao na kuwatunza wagonjwa wao, lakini si kuchimba kwa amri ya bwana wa kambi. Yule aliyekataa jembe hakuwa mvivu. Alikuwa akitetea maana ya sheria kwa njia ya pekee aliyobakiwa nayo.

Adhabu zilikuwa namna nyingi. Zilikuwako zilizoandikwa katika kanuni, kama viboko, kufungiwa peke yake, na kupunguziwa chakula. Na zilikuwako ambazo hazikuandikwa mahali po pote: kupigwa marungu, kuachwa juani, kukimbizwa na ndoo ya mchanga kichwani. Wakuu wa kambi walikuwa Wazungu, na wengine wao waliwahi kuwa wanajeshi. Lakini askari walioshika marungu walikuwa Waafrika. Jambo hilo ni chungu, lakini historia isiyosema kweli haina faida. Askari wale walitoka katika makabila mbalimbali ya nchi hii. Wengine walitafuta mshahara tu, wengine walikuwa na chuki, na wengine, kwa huruma au kwa kitu kidogo, walipenyeza tumbaku, gazeti au barua kupitia katika waya. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini pengine na akusaidiaye huwa nguoni humo humo.

Kusudi la yote hayo lilikuwa ungamo. Serikali iliwagawa watu katika mafungu matatu kwa rangi: weupe walikuwa wale walioonekana hawana kosa, wa kijivu ni wale walioanza kulegea, na weusi ni wale walioshikilia msimamo wao. Mtu alihojiwa tena na tena atoe kiapo chake nje, yaani akiri kwamba alikula kiapo, amtaje aliyemlisha na aliokula pamoja nao. Akikiri alihamishwa kutoka kambi kubwa hadi kambi ya kazi iliyo karibu na kwao, kisha kwa chifu wake, na mwisho nyumbani. Wakuu waliliita jambo hilo bomba: mtu anaingia mwisho mmoja akiwa mweusi, anatokea mwisho wa pili akiwa mweupe. Asiyekiri alirudishwa nyuma. Kwa hiyo urefu wa kizuizi haukupimwa kwa kosa la mtu, bali kwa ukaidi wake au kwa kuvunjika kwake.

Hiyo ndiyo nidhamu ya kwanza. Sasa tuitazame ya pili, ambayo haikuwa na filimbi wala rungu.

Watu wa kizuizini waliona mapema kwamba waya ungeweza kuwageuza wanyama kabla hata askari hawajafanya hivyo. Pale ambapo maelfu ya watu wamebanwa pamoja, wana njaa, wana hofu, na hawajui mwisho wa mambo, wizi huingia, ugomvi huingia, na mwenye nguvu humla mnyonge. Kwa hiyo katika nyua nyingi watu walichagua viongozi wao wenyewe. Viongozi hao waligawa kazi za usafi, walisimamia ugawaji wa chakula ili mgonjwa na mzee wasipunjwe, na waliamua magomvi ili watu wasipigane mbele ya askari. Ua mmoja ulikuwa na msemaji wake, mtu ajuaye Kiswahili au Kiingereza, aliyepeleka malalamiko kwa mkuu wa kambi. Kazi hiyo haikuwa na faida, kwa kuwa msemaji alikuwa wa kwanza kupigwa. Hata hivyo nafasi hiyo haikukosa mtu.

Miongoni mwa wasemaji hao alikuwa Josiah Mwangi Kariuki, kijana aliyekamatwa mwaka wa 1953 na kupita katika kambi kumi na nne katika muda wa miaka saba. Kitabu alichokitoa mwaka wa 1963 juu ya maisha hayo kimekuwa shahidi mkubwa wa mambo ya kambini. Alikuwa na kalamu nyepesi, na hiyo kalamu ilimletea mateso, kwa sababu aliandika barua za kulalamika na kuzipenyeza nje kwa siri hadi kwa wakubwa wa serikali na wabunge wa Uingereza. Mtu asiyekuwa na haki ya kusimama mbele ya hakimu alisimama mbele ya ulimwengu kwa kipande cha karatasi.

Jambo litakalomstaajabisha mwanafunzi wa leo zaidi ni shule. Baada ya kazi, au siku zisizo na kazi, waliojua kusoma waliwafundisha wasiojua. Mbao hazikuwapo, wala chaki, wala vitabu vya kutosha. Ardhi yenyewe ilikuwa ubao, na kijiti kilikuwa kalamu. Mwalimu aliandika herufi vumbini, wanafunzi wakazifuatisha, kisha zikafutwa kwa kiganja askari alipokaribia. Wazee waliozidi miaka hamsini walijifunza kuandika majina yao katika mahali ambapo majina yao yalikuwa yamegeuzwa nambari. Vijana walijifunza Kiingereza, hesabu na historia. Wengi walioingia kizuizini bila kujua kusoma walitoka wakiweza kusoma gazeti. Hakuna kengele iliyowaita darasani, wala hakuna adhabu iliyomngoja asiyefika.

Habari nazo zilikuwa na utaratibu wake. Aliyepelekwa kufagia nyumba ya ofisa alitazama gazeti lililotupwa, akashika habari kichwani, akaja nazo uani. Kariuki aeleza kwamba huko Manyani habari zilizothibitishwa ziliitwa Manyani Times, na uvumi usio na uhakika uliitwa Waya Times, kwa kuwa ulipita tu juu ya waya. Mzaha huo wafaa kufikiriwa. Watu waliofungiwa na kunyimwa kila chombo cha habari walijizoeza kutenga kweli na uvumi, kwa maana walijua kwamba matumaini ya uongo yaweza kumvunja mtu kuliko rungu. Huko kwingine Gakaara wa Wanjau, mwandishi aliyekamatwa Oktoba 1952, aliweka kumbukumbu za maisha yake ya kizuizini kwa siri. Kitabu chake kilichotokana nazo kilichapishwa kwa Kikuyu mwaka wa 1983, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo ya Noma ya uandishi barani Afrika.

Lakini tusiwafanye watu hao malaika. Nidhamu yao nayo ilikuwa na ukali wake. Aliyedhaniwa kupeleka siri kwa wakubwa alitengwa, na mara nyingine alipigwa au alitendewa mabaya zaidi. Aliyekiri aliitwa msaliti, hata kama alikiri kwa sababu alipata habari kwamba watoto wake wanalala njaa katika kijiji kilichozungukwa na handaki na miiba, maana zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vya namna hiyo. Sisi tusomao tukiwa tumeshiba hatuna haki ya kumhukumu aliyekiri kwa ajili ya watoto wake, wala kumcheka aliyekataa kwa ajili ya neno lake. Wote wawili walikuwa wametiwa katika kinu kimoja.

Kufikia mwaka wa 1957 waliobaki kizuizini walikuwa wachache zaidi, lakini ndio waliokuwa wagumu. Katika kambi za Mwea wakuu walianza njia mpya. Watu wachache wapya waliletwa katikati ya kundi kubwa la watu waliokwisha kukiri, wakaamriwa mara tu waliposhuka garini wavue nguo na kuvaa za kambi. Aliyekataa aliangushwa na kupigwa mpaka atii. Mwaka ule ule Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana akieleza jinsi nguvu kama hiyo iwezavyo kutafutiwa msingi wa sheria, na akatahadharisha kwamba mambo hayo lazima yafanywe kimya. Basi kanuni ilitungwa ili ilifuate rungu. Rungu halikufuata kanuni. Hapo nidhamu ya serikali ilikuwa imekwisha kuoza ndani, ingawa kwa nje safu zilikuwa zimenyoka.

Kuoza huko kulionekana wazi huko Hola, kando ya Mto Tana, katika nchi ya joto kali na mbu. Wale walioonekana kuwa hawageuki walipelekwa huko. Serikali ilikuwa imesema kwamba watu wa namna hiyo hawatarudi makwao tena, bali watakaa Hola na kulima mashamba ya kumwagiliwa maji. Kwa hiyo kuchimba mfereji wa Hola, kwa macho yao, kulikuwa kukubali uhamisho wa milele na kuiacha ardhi iliyokuwa chanzo cha mapambano yote. Walikataa. Ndipo John Cowan, ofisa mkubwa wa magereza, alipotunga mpango wa kuwatoa kwa nguvu na kuwashikisha kazi.

Tarehe 3 Machi 1959 watu 85 walitolewa katika kambi ya ndani wakapelekwa mahali pa kazi, wamezungukwa na askari wenye marungu. Waliamriwa kuchimba. Walipokosa kutii kama ilivyotakiwa, askari waliwashambulia, wakawapiga kwa muda mrefu. Watu kumi na mmoja walikufa, na wengine wengi waliumizwa vibaya. Hawakuwa na silaha, wala hawakuwa wamejaribu kutoroka.

Serikali ilitoa taarifa ikisema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Neno hilo halikuishi muda mrefu. Uchunguzi wa miili ulionyesha alama za vipigo, na hakimu aliyesikiliza uchunguzi wa vifo hivyo aliona kwamba vilitokana na kupigwa. Lakini hakuna mtu aliyefikishwa mahakamani kwa mauaji hayo. Pale watu walipodaiwa kuwa wanafundishwa kutii sheria, sheria yenyewe ilishindwa kuwafikia waliowaua.

Habari zilifika London. Barbara Castle na wabunge wengine wa chama cha Labour walikuwa wamekwisha kuuliza maswali juu ya kambi za Kenya kwa miaka kadhaa. Usiku wa tarehe 27 Julai 1959 bunge lilijadili tena mambo ya Hola, na miongoni mwa walioilaumu serikali kwa ukali alikuwamo Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe, ambaye alishikilia kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani kwake na kipimo kingine Afrika. Oktoba mwaka huo Iain Macleod akawa Waziri wa Makoloni, na kwa tarehe 12 Januari 1960 Hali ya Hatari ikaondolewa. Wanahistoria wengi wanakubali kwamba vifo vya Hola viliharakisha mwisho wa utawala wa kikoloni. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru.

Hata hivyo kweli yote haikutoka pamoja na uhuru. Wakoloni walipoondoka waliteketeza makaratasi mengi, na mengine waliyachukua kwenda nayo Uingereza. Hapa nyumbani nako palikuwa na ukimya, kwa kuwa waliokuwa ndani ya waya na waliokuwa nje ya waya iliwabidi kukaa jirani katika taifa moja; tena marufuku ya kikoloni juu ya Mau Mau haikuondolewa mpaka mwaka wa 2003. Wazee kadhaa walipoishtaki serikali ya Uingereza, ilibainika mwaka wa 2011 kwamba mafaili mengi ya Kenya yalikuwa yamefichwa huko Hanslope Park kwa karibu nusu karne. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alikiri bungeni kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, akaeleza masikitiko ya serikali yake, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wengi waliostahili kuyasikia maneno hayo walikuwa wamekwisha kufa.

Sasa tuzirudie nidhamu zetu mbili. Ile ya kwanza ilikuwa na bunduki, waya, magari, madaftari na fedha za dola kubwa. Iliweza kumchuchumaza mtu, kumnyamazisha, kumchosha na hata kumwua. Lakini haikuweza kusimama peke yake hata siku moja: ilihitaji rungu asubuhi, rungu mchana na rungu jioni, na siku ilipotaka kuonyesha nguvu zake zote, huko Hola, ilijiua yenyewe. Nidhamu ya pili haikuwa na kitu ila makubaliano ya watu wenye njaa. Ilikosea mara nyingine, na ilikuwa na ukali. Lakini ndiyo iliyomgawia mgonjwa ugali wake, iliyomfundisha mzee kuandika jina lake, na iliyotenga habari ya kweli na uvumi.

Wewe msomaji hukai ndani ya waya. Kengele inayokuita ni ya shule, nawe utatoka siku unayoijua. Lakini swali walilojibu watu wale latuhusu sote, nalo ni hili: mwangalizi akiondoka, nini kinabaki? Mtu atiiye kwa kuwa anatazamwa tu, utii wake huondoka pamoja na mtazamaji. Mtu aliyejitawala mwenyewe hubaki na utaratibu wake hata vumbini, hata gizani, hata pale ambapo jina lake limefutwa na nambari imewekwa mahali pake. Taifa pia ni hivyo. Tuliorithi nchi hii kutoka kwa watu waliojifunza kusoma juu ya mchanga yatupasa kuwa na nidhamu ya namna hiyo, na yatupasa vile vile kukataa, kila tuionapo, nidhamu ya namna ile nyingine, hata kama mwenye kuishika rungu lake ni mmoja wetu.